Ganzi ya Meno na Dawa ya Kioo: Mwongozo Kamili wa Kuziba Vitundu vya Jino

Msimu wa embe mbichi ukianza hapa Mtwara, huwa naujua kabla sijaliona hata embe moja sokoni. Watu wanaanza kuingia chumba cha meno mkono ukiwa shavuni, na kauli zao zinafanana: "Jino halina tundu, lakini maji ya baridi yakiligusa, naruka." Wengi wanasema meno yamekufa ganzi. Neno lenyewe linatuchanganya kazini, maana kwetu ganzi ni ile ya sindano, inayokufanya usisikie kitu, na mgonjwa anaita ganzi kile kinachomfanya asikie kupita kiasi. Mzee mmoja aliambiwa "tutakupiga ganzi" akainuka kitini: "Ganzi ninayo tayari, nimekuja muitoe!"

Mwongozo huu unahusu ganzi ya mzee huyo, na hasa dawa ya meno yenye chembe za kioo maalumu kinachoitwa bayoglasi. Dawa hii inasaidia. Tatizo ni kwamba wengi wanaoinunua, tena kwa bei inayouma kuliko jino, wanaisukutua na kuitema kabla haijaanza kazi.

Kwa nini jino linashtuka

Gamba la nje la jino, enameli, halina hisia. Chini yake kuna dentini, tabaka lenye rangi ya manjano kidogo, na hilo limetobolewa na vitundu vyembamba mno. Upana wa kitundu kimoja ni kama mikromita 1 hadi 2. Unywele wako ni mnene kukizidi mara makumi. Kwenye kipande cha dentini kisichozidi kichwa cha pini vimo maelfu. Vyote vimejaa majimaji, na vinaelekea ndani kwenye kiini cha jino, penye neva na mishipa ya damu.

Miaka ya 1960 mtafiti wa Sweden, Martin Brännström, alieleza kinachotokea: baridi, upepo au utamu ukigusa vitundu vilivyo wazi, majimaji yale yanasogea, na neva ya ndani inahisi mvuto huo kama msumari. Ndiyo maana jino linaweza kuuma sana bila kuoza.

Ukishaelewa hapo, tiba zote zinagawanyika njia mbili. Unaweza kuituliza neva, kama inavyofanya dawa yenye nitreti ya potasiamu. Au unaziba vitundu ili majimaji yasisogee. Bayoglasi ni fundi wa njia ya pili.

Nimewahi kuulizwa mbona bibi zetu wa Kimakonde waliochongwa meno ujanani walikunywa maji ya mtungi bila kuruka. Jino nalo hujitibu. Kadiri miaka inavyokwenda, hujaza dentini mpya kwa ndani, na vitundu vyenyewe hujifunga kwa madini. Ila hiyo ni kazi ya miaka, nawe unataka kunywa maji leo.

Kioo gani hicho?

"Mwanangu, nile vioo?" Bibi mmoja wa Mikindani aliniuliza hivyo, boksi la dawa likiwa mkononi, macho yamemtoka.

"Shikamoo bibi. Huli vioo vya chupa."

"Marahaba. Sasa kioo ni kioo."

Hoja yake ilikuwa na maana, kwa hiyo nilimpa jibu refu. Kipande cha chupa ukikiacha pale ufukwe wa Shangani, mawimbi yatakisaga kingo, lakini miaka itapita na bado ni kioo. Kioo cha dirisha au chupa kina silika, yaani madini ya mchanga, takriban asilimia 70, na hiyo ndiyo inayokifanya kigome mbele ya maji. Bayoglasi ya kwanza kubuniwa ina silika asilimia 45 tu. Zinazobaki ni oksidi ya sodiamu asilimia 24.5, oksidi ya kalsiamu asilimia 24.5, na fosforasi katika umbo la oksidi asilimia 6. Kioo cha namna hiyo kikilowa kinaanza kuachia madini yake. Na chembe zake zimesagwa laini mno. Ukizisugua kati ya vidole huhisi ncha yoyote.

Aliyekibuni ni Larry Hench, mtaalamu wa vioo wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani. Mwaka 1967 alikuwa kwenye basi akielekea mkutanoni, akakaa na kanali aliyekuwa ametoka vita vya Vietnam. Kanali akamwambia askari wanakatwa viungo kwa sababu mwili unakataa vyuma na plastiki wanazowekewa: huwezi kutengeneza kitu ambacho mwili utakikubali? Mwaka 1969 Hench alikuwa na kioo hicho. Kilipowekwa kwenye mifupa ya panya, kilishikana na mfupa kiasi kwamba hakikung'oka tena. Baadaye kilisagwa kuwa unga kwa ajili ya meno, na unga huo ukauzwa kwa jina la NovaMin. London, katika Chuo Kikuu cha Queen Mary, Robert Hill na wenzake walitengeneza kioo kingine kinachobeba floraidi ndani yake, kinachoitwa BioMin.

Kinywani kazi huenda hivi. Chembe zikikutana na mate, sodiamu inatoka na hidrojeni ya kwenye maji inaingia mahali pake, hivyo ukali wa asidi unapungua pale pale jinoni. Kisha kalsiamu na fosfeti zinatoka, zinatua juu ya dentini na kuingia kwenye midomo ya vitundu. Tabaka hilo linakomaa na kuwa madini ya jamii ileile inayojenga jino na mfupa. Ni sawa na kukandika ukuta wa udongo kwa udongo wa kiwanja kilekile.

Bibi akatikisa kichwa. "Kumbe kinakandika." Nikaliiba neno hilo, hadi leo nalitumia kwa wagonjwa.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni ganzi kweli

Usinunue chochote kabla ya kujipima. Simama mbele ya kioo cha kujitazamia, mchana, kando ya dirisha, na tochi ya simu. Vuta hewa kwa mdomo huku meno yameachana. Kisha pitisha ukucha taratibu kwenye shingo ya kila jino, pale linapokutana na ufizi. Ukucha ukikwama kwenye kijigenge na mwili ukasisimka, umelipata. Mwisho chukua funda la maji ya baridi, lielekeze upande mmoja, umeze, halafu hesabu.

Maumivu ya ganzi ni makali na mafupi. Hesabu ya tatu au tano hivi, yamekwisha. Yanaletwa na kitu: baridi, upepo, kitu kitamu, kitu kichachu, mguso. Hayaji yenyewe ukiwa umelala.

Sasa soma vizuri hapa. Maumivu yakibaki nusu dakika au zaidi baada ya maji kumezwa, yakikuamsha usiku, yakiletwa na chai ya moto kuliko maji ya baridi, au yakija unapotafuna korosho upande mmoja tu, hilo si suala la vitundu. Huenda kiini kimevimba, jino limepasuka au limeoza chini ya kijazo cha zamani. Ukipaka bayoglasi hapo unapoteza hela na siku, na jino ambalo lingejazwa linaishia kung'olewa. Nenda kwa daktari au tabibu wa meno. Na uso ukivimba, ukapata homa, ukashindwa kufungua mdomo au kumeza mate, usisubiri kesho: nenda hospitali siku hiyohiyo, iwe Ligula hapa Mtwara, Sokoine kule Lindi, Ndanda, au yoyote iliyo karibu yako.

Hatua ya pili: mtafute aliyefungua vitundu

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo maana watu wanarudi. Ukiziba vitundu huku mkono wako mwenyewe unavifungua kila asubuhi, unachota maji kwa pakacha.

Mtuhumiwa wa kwanza ni mswaki. Namkumbuka mvuvi mmoja, meno meupe yanang'aa, anajisifu hajawahi kung'oa hata moja. Upande wa kushoto, kwenye shingo za meno manne yaliyofuatana, kulikuwa na mikato kama ya shoka kwenye shina la mnazi, mmoja mmoja, yote mwelekeo mmoja. Upande wa kulia hakuna kitu. Nikamuuliza anapigaje mswaki. Akanionyesha hewani: mkono wa kulia, ngumi imekaza, anasugua kwenda na kurudi kama anaparura magamba ya changu. Na alikuwa akitumia mkaa uliosagwa. Anayetumia mkono wa kulia huanzia upande wa kushoto akiwa na nguvu zote. Kushoto ndiko kunakoumia. Mkaa, majivu na mchanga vinang'arisha kweli, kwa sababu vinakwangua. Enameli iliyokwanguliwa hairudi.

Msuaki wa mti sina ugomvi nao, mradi utafunwe mpaka nyuzi zilainike na usikwangue shingo za meno kwa ukavu.

Mtuhumiwa wa pili ni uchachu. Hapa kwetu orodha ni tamu kuitaja: embe mbichi kwa chumvi na pilipili, juisi ya ukwaju, ubuyu, ndimu ya kunyonya, mabibo wakati wa korosho, na soda ya kila siku. Enameli huanza kuyeyuka asidi inapofika pH ya 5.5 hivi (pH ni kipimo cha uchachu, na namba ikishuka uchachu umezidi), na dentini haivumilii hata hapo, inaanza mapema zaidi. Kula embe kwa dakika kumi ukamaliza si tatizo kubwa. Tatizo ni kukaa barazani na bakuli tangu saa nane mpaka magharibi, kipande kimoja kimoja, mate hayapati nafasi ya kupumua.

Wengine ni fizi zilizorudi nyuma kwa sababu ya ugaga, kusaga meno usingizini, kiungulia kinachopanda mpaka mdomoni, na kutapika kwa ujauzito. Mama mjamzito akitapika asikimbilie mswaki. Asukutue kwa maji, au maji yenye kijiko kidogo cha chai cha bikaboneti ya kuokea mandazi kwenye glasi moja. Nasisitiza ya kuokea, maana magadi soda ya kutengenezea sabuni yanauzwa duka hilohilo na yanaunguza.

Hatua ya tatu: kununua

Usinunue kwa jina la mbele wala picha ya jino linalong'aa. Geuza boksi, soma viambato. Kile unachotafuta huandikwa kwa Kiingereza hivi: Calcium Sodium Phosphosilicate. Hayo maneno matatu ndiyo kioo. Kwenye dawa nyingi kiwango chake ni asilimia 5. Dawa yenye jina lilelile inaweza kuwa na kioo nchi moja na isiwe nacho nchi nyingine. Sensodyne Repair & Protect ni mfano mzuri: ya Marekani inatumia floraidi ya stanasi, ilhali masoko mengine yamekuwa yakipata yenye NovaMin. Kwa hiyo ndugu akikuletea zawadi kutoka safari, soma kwanza ndipo ushukuru.

Angalia pia floraidi. Baadhi ya dawa za kioo hazina floraidi kabisa, na kioo hakichukui nafasi yake katika kuzuia meno kuoza. Mtu mzima achague yenye floraidi kati ya 1000 na 1500 ppm (yaani sehemu kwa kila milioni), isipokuwa zile za aina ya BioMin ambazo floraidi imo ndani ya kioo.

Kwenye maduka ya mitaani hutaipata kirahisi. Jaribu famasi kubwa za mjini, au agiza kwa mtu anayepanda basi la Dar es Salaam. Tazama tarehe ya mwisho, na tyubu iwe imefungwa haswa. Ukikosa kabisa, au bei ikikushinda, usijione umekosa tiba. Dawa yenye nitreti ya potasiamu asilimia 5, ya floraidi ya stanasi, au ya arginini, zote zinasaidia ganzi, na zinapatikana kwa urahisi zaidi. Mgonjwa anayetumia dawa ya bei nafuu kila siku mara mbili atampita yule mwenye tyubu ya ghali anayeiwekea akiba ya Ijumaa.

Nunua na mswaki laini. Wale wenye mswaki mgumu kama brashi ya kufulia waubakize kwa viatu.

Hatua ya nne: kupaka, na hapa ndipo penye siri

Dawa nyingi za kioo hutengenezwa bila maji, kwa gliserini, kwa sababu kioo kikikutana na maji kinaanza kazi. Unataka kianzie kazi jinoni. Kwa hiyo:

Usiloweshe mswaki. Ukauke. Funika tyubu mara tu unapomaliza, hasa huku pwani ambako hata chumvi inalowa kwenye kopo.

Kamua kiasi cha punje ya mbaazi. Anza na meno yanayoshtuka, siyo ya mbele yanayoonekana. Shika mswaki kwa vidole kama unavyoshika kalamu. Ukiushika kwa ngumi lazima utasugua kwa nguvu. Uegemeze kwenye ufizi, zungusha taratibu, dakika mbili kwa kinywa kizima. Utahisi dawa ni nzito na povu ni haba. Ni kawaida, usiongeze maji.

Ukimaliza, tema. Usisukutue. Najua inakera, tumelelewa kusukutua mpaka maji yatoke safi, na mwenye kutawadha atasukutua hata hivyo. Basi panga vizuri: tawadha na sali isha, kula kama bado hujala, kisha piga mswaki kiwe kitu cha mwisho kabla ya kulala. Usiku mate yanapungua na hakuna cha kula, dawa inakaa. Asubuhi piga kabla ya kifungua kinywa, na kwa anayesali alfajiri, baada ya sala.

Kwa jino sugu, chukua dawa kidogo kwa ncha ya kidole kisafi kikavu, paka kwenye kile kijigenge, acha hapohapo ukalale.

Baada ya kitu kichachu, kunywa maji ya kawaida kisha subiri nusu saa mpaka saa nzima ndipo upige mswaki. Enameli iliyotoka kwenye ukwaju ni laini kwa muda. Ukiisugua pale unaifuta.

Hatua ya tano: kuhesabu wiki

Usitegemee miujiza ya kesho yake. Wengi wanaanza kuhisi nafuu ndani ya wiki mbili, na inaendelea kukua hadi wiki ya sita au ya nane. Nakushauri uandike kwenye kalenda: kila Jumapili fanya jaribio la funda la maji, jipe alama kutoka 0 hadi 10. Bila kuandika utasahau ulikotoka, na wiki ya tatu utasema dawa ni bure.

Ukipata nafuu usiache ghafla. Tabaka lile linalika kwa asidi na mswaki kama ukandikaji wowote unavyoliwa na masika. Endelea mara mbili kwa siku, au angalau usiku. Wenyeji wa Newala wataniambia baridi ya Juni huko juu inarudisha ganzi hata kwa aliyepona. Ni kweli, maji ya asubuhi kule yanakata. Wakati huo changanya na ya moto kidogo.

Wiki nne zikipita na alama haijashuka hata moja, njoo. Huenda tulikosea hatua ya kwanza.

Watoto chini ya miaka 12 wasipewe dawa hizi za ganzi bila kuonwa na daktari, maana kwa mtoto jino linaloshtuka mara nyingi lina tundu la kuoza.

Tukikutana kitini

Kwanza tutaondoa ugaga. Nakuonya mapema: siku chache baada ya kusafisha, ganzi inaweza kuongezeka, kwa kuwa ule ugaga mwenyewe ulikuwa umeziba vitundu. Anza dawa ya kioo siku hiyohiyo. Tunaweza kupaka vanishi ya floraidi. Usile kigumu wala kupiga mswaki mpaka muda utakaoambiwa. Miji mikubwa ina kliniki zenye mashine ya kupuliza unga wa bayoglasi kwenye jino.

Kwa mikato mirefu kama ya yule mvuvi, unga hautoshi, tunajaza. Mara nyingi tunatumia glasi aionoma, ambayo nayo, bibi wa Mikindani akisikia atacheka, imetokana na unga wa kioo. Mvuvi nilimjazia manne yote. Nilimwomba arudi na mswaki wake nione. Akaja nao umefungwa kwenye gazeti, nyuzi zimelala pande zote kama paa la makuti baada ya kusi.